Nani Anamwamsha Bibi

Nuku'alofa, 22 Februari 1998

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, ingawa nilitapika tangu tulipoacha Nomuka mpaka tulipoona taa za huku mjini. Nahodha Feleti alinicheka, akasema mtoto wa kisiwani anayetapika baharini ni sawa na mbuzi anayeogopa majani.

Bwenini kuna kelele nyingi. Wasichana wanaongea wote kwa pamoja na hakuna anayesikiliza. Rafiki sijapata bado, lakini kuna maktaba, na mama anayeitunza ananiacha nikae hata baada ya kengele. Nimesoma tena habari za kisukari. Sitakuandikia nilichosoma kuhusu miguu, maana utasema nakutisha. Lakini Bibi, mguu wako wa kushoto ulikuwa umevimba siku ya kuondoka, niliuona, hata kama uliufunika kwa mkeka.

Vidonge nimevihamishia kwenye kopo la chai. Usivirudishe chini ya godoro. Nilipofagia nilivikuta vya Desemba yote pale, vimekauka kama mbegu za papai. Najua utanijibu kwamba Mungu ndiye daktari na hajakuambia uache nyama ya kopo. Miaka miwili umenijibu hivyo. Hata nilipolia gatini nikikuomba umeze kwa ajili yangu, ulinipa paja la kuku ili ninyamaze.

Nililila, nalo ndilo nililotapika.

Tafadhali, Bibi.

Mjukuu wako,
Lesieli


Nomuka, 20 Machi 1998

Lesieli mwanangu,

Barua yako nimeipata, Feleti aliileta mwenyewe mpaka mlangoni kwa sababu alinusa mashelisheli ya kuchoma.

Nina habari. Shangazi yako Vaisioa amemtuma binti yake kutoka Auckland aje akae nami. Anasema mtoto ameharibika, hasomi, anajibu wakubwa. Mimi sijaona kuharibika, nimeona njaa tu. Anaitwa Kalolaine, mnalingana umri. Analala kwenye kitanda chako. Kusuka hajui, kanisani anaimba kama jogoo mwenye mafua, lakini miguu anayo.

Sasa sikia hili, halafu ukae chini kabla hujaanguka. Kila asubuhi tunatembea, mimi na yeye. Tulianza kwa kwenda makaburini na kurudi. Sasa tunafika mpaka upande wa pili, kwenye ufuo wa miamba, na tunarudi watu wakiwa bado wanapiga miayo. Vidonge nameza. Nyama ya kopo nimeacha, tui naweka kidogo tu, majimbi nakula kipande kimoja. Nesi aliponipima damu alipima mara ya pili, akadhani mashine imekufa. Watu wanasema Melenaite amerogwa.

Harusi ya Maka, mtoto wa marehemu kaka yangu, ni Septemba. Mdogo wangu Pisila anakuja kila siku kuuliza hali ya mguu wangu. Ana roho nzuri sana huyo, Mungu amzidishie.

Soma kwa bidii.

Bibi yako,
Melenaite


Nuku'alofa, 9 Aprili 1998

Bibi,

Nimefurahi kusikia kwamba unatembea. Sentensi hiyo nimeianza mara kadhaa, na kila mara nimeichana karatasi, kwa hiyo naomba uiamini na usiniulize zaidi.

Lakini nina maswali. Nilipokuomba mimi tutembee, ulisema magoti yanauma. Yamepona lini? Nilipokuomba upunguze tui, ulisema chakula bila tui ni cha wagonjwa. Nilikusomea kitabu kizima cha afya, kuanzia jalada la mbele, ukasinzia. Kalolaine amekusomea nini? Au kwa sababu ametoka ng'ambo? Kama ningezaliwa Auckland nikajibu wakubwa, ungemeza vidonge mapema?

Na kitanda changu. Kuna vitanda viwili, Bibi.

Nakutumia pudini. Tumeipika kwenye somo la upishi, ya sukari ya kuunguzwa na tui zito, imefungwa kwenye kitambaa na kuchemshwa kama unavyopika wewe. Najua ni mimi niliyekukataza vitamu. Safari hii nakuomba ule. Kipande kimoja hakitakuua. Usimpe Kalolaine. Nataka tu kujua kama mkono wangu bado una maana kwako.

Lesieli


Nomuka, 1 Mei 1998

Lesieli mwanangu,

Pudini imefika. Haikubaki hata chembe, mpaka kitambaa kililambwa! Una mkono wa mama yangu. Tafadhali tuma nyingine boti ijayo, tena kubwa zaidi, na usiibanie sukari.

Nina haraka, tunagonga magome ya miti yawe nguo za harusi na ubao unanisubiri.

Bibi yako,
Melenaite


Nuku'alofa, 25 Mei 1998

Kwa Kalolaine,

Hatujuani. Mimi ndiye mwenye kitanda unacholalia.

Nasikia unamtembeza Bibi kila asubuhi na kisiwa kizima kinakusifu. Hata Feleti, aliyekuwa ananibebea sanduku, siku hizi hana hadithi nyingine ila "yule wa Auckland amemfufua mama Melenaite." Hongera. Mimi nimeishi naye tangu nina miaka mitatu. Najua anakooshea miguu, najua wimbo anaoimba anapodanganya. Kwa hiyo usidhani umemjua kwa sababu ya miezi michache na jozi ya viatu.

Nakuandikia ujue kwamba anakula pudini zangu. Nimetuma tatu. Kila mara ananiandikia kwamba haibaki hata chembe, na anaomba nyingine. Wewe unamtembeza, lakini mkono wangu ndio anaoshindwa kuukataa. Najua sukari ile inafanya nini mwilini, nimeisoma kuliko wewe, na usiku mwingine nashindwa kulala nikiifikiria. Halafu asubuhi naenda jikoni kuomba nazi. Sijui kwa nini nakuambia wewe.

Toa viatu vyako juu ya shuka langu, kama viko juu yake.

Lesieli


Nomuka, 14 Juni 1998

Wewe Lesieli,

Andiko langu la Kitonga chenu cha visiwani ni baya, vumilia. Viatu vyangu viko chini ya kitanda. Shuka nafua kila Jumamosi. Na nilikuchukia kabla hujanichukia, kwa taarifa yako. Nikikunja mkeka vibaya, "Lesieli hakunji hivyo." Nikichoma mashelisheli yakaungua, "Lesieli angeyageuza." Nilikuwa nadhani wewe ni mtakatifu fulani wa kwenye dirisha la kanisa. Barua yako imenifurahisha sana. Kumbe una sumu.

Sasa shika kitu. Bibi hajaonja pudini yako hata moja. Zote amempelekea Bibi Pisila.

Wala simtembezi. Ananiburuta. Mimi ningelala mpaka saa tatu. Siku ya tatu tangu nifike, tulienda kwenye nyumba ya kugongea magome. Bibi alikuwa amechelewa kwa sababu ya mguu, sisi tuko nje bado, tukamsikia Pisila ndani anawaambia wanawake: "Dada yangu hafiki Septemba na mguu ule. Nimeshaanza kushona nguo ya kukaa mbele." Wanawake wakacheka. Bibi hakuingia. Aligeuka, tukarudi nyumbani, akatoa vidonge kwenye kopo la chai, akameza bila maji, akaniambia, "Kesho alfajiri uniamshe. Usiponiamsha nakurudisha kwa mama yako kwa kuogelea."

Mimi mambo haya ya fahu nilikuwa siyajui, kwetu Auckland mama alikuwa ananiambia tu "kaa nyuma." Bibi amenifundisha. Dada mkubwa wa baba wa bwana harusi ndiye fahu, anakaa mbele ya watu wote, mikeka mizuri inawekwa miguuni pake, keki ya juu kabisa ni yake, na hakuna anayethubutu kumpita kwa kusimama. Akifa, au akiwa amelala hospitali bila mguu, kiti kinakwenda kwa dada anayemfuata. Yaani Pisila. Na fahu hakai kwenye kiti, anakaa chini, miguu imekunjwa upande mmoja, kutwa nzima. Bibi anafanya mazoezi ya kukaa hivyo akimenya majimbi.

Pudini zako alikuwa anazipeleka mwenyewe, na kijiko juu. Nilikuwepo.

"Kula, mdogo wangu, umekonda."

"Nimekonda mimi? Macho yako nayo yameingia sukari?"

"Imetoka kwa mjukuu wangu wa shule. Mimi nimeshiba."

"Unataka kuniua, Melenaite."

"Kwa pudini? Ningetafuta kitu rahisi zaidi."

Wakacheka wote wawili mpaka wakapaliwa. Na Pisila alikula, kwa sababu kukataa chakula mbele ya wanawake ni aibu, na kwa sababu ilikuwa tamu, nilinusa.

Lakini hakuna aliyejua kwamba Pisila naye ana sukari kubwa, wala kwamba alikatwa na gamba mguuni wakati wa kuokota chaza. Alificha. Angemwonyesha nani, wakati yeye ndiye aliyekuwa anacheka mguu wa mwenzake? Wiki iliyopita alianguka kanisani. Feleti alimbeba mpaka kwenye boti, akapelekwa hospitali kubwa. Wamemkata vidole viwili. Nesi anasema kidonda hakikutokana na pudini, ila pudini hazikukisaidia kupona.

Tangu siku ile Bibi hajatoka kutembea.

Kalolaine


Nomuka, 5 Julai 1998

Lesieli,

Maneno yako makali nimeyasoma. Umeniuliza kwa nini nilidanganya. Sikudanganya. Niliandika kwamba haikubaki hata chembe, na haikubaki.

Usicheke. Mimi pia sicheki.

Umeniuliza pia kwa nini niliamka kwa ajili ya Pisila na sikuamka kwa ajili yako. Swali hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa hiyo nitakujibu ingawa sijui kama nitakujibu vizuri. Wewe ulikuwa unaniomboleza, mwanangu. Kila jioni machozi, kila asubuhi machozi. Ulivyonitazama nilihisi nimeshalazwa sebuleni na watu wanakuja na mikeka. Mtu anayeombolezwa anafanya nini? Analala. Pisila yeye hakunililia hata siku moja. Alitaka kiti changu. Mtu akitaka kiti chako, unajua kwamba bado umekikalia.

Tangu tukiwa wadogo ni hivyo. Akisuka mkeka wa upana huu, mimi nasuka wa upana ule. Alipozaa watoto watano mimi nikazaa sita. Nisingekuwa mtu yeyote bila mwanamke yule kunisukuma kwa nyuma.

Sasa amerudi kutoka hospitali na mguu umefungwa, amejifungia ndani, hataki mtu amwone. Mimi sijaenda. Nitaenda na uso gani? Kijiko nilibeba mimi.

Kutembea nimeacha. Niende wapi, kumshinda nani? Harusi ya Maka naiona kama chakula cha jana. Kiti ni changu sasa, hakuna anayekitaka, nami sikitaki.

Kalolaine anakusalimu. Anapiga kelele na kopo la vidonge. Ananichosha.

Melenaite


Nomuka, 8 Julai 1998

Lesieli,

Haraka, boti inaondoka. Bibi analala ametazama ukuta. Mguu umevimba tena, ule ule, na kisigino kimepasuka. Vidonge anavitema nikigeuka. Nimempigia kelele, nimemwimbia, nimelia, na nilipolia alinipa paja la kuku. Nesi anasema kikianza kuoza naye atapelekwa hospitali kubwa, na kwa umri wake hawatakata vidole tu.

Wewe ndiye unayemjua. Fanya kitu.

K.


Nuku'alofa, 19 Julai 1998

Bibi Mdogo Pisila,

Shikamoo. Mimi ni Lesieli, mjukuu wa dada yako. Nadhani hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, kwa sababu mimi huwa najificha nyuma ya Bibi, nawe una sauti kubwa.

Pudini nilipika mimi. Niliipika kwa wivu, na Bibi akakuletea kwa wivu, na nimesikia nawe ulikula kwa aibu. Sijui jinsi ya kuomba radhi kwa kitu cha namna hiyo. Nimetafuta maktaba nzima. Kwa hiyo nasema tu kwamba nimekosa, na kwamba nafikiri habari za mguu wako ninapovaa viatu vyangu asubuhi.

Bibi ameniandikia kwamba hutoki nje kwa sababu hutaki watu wakuone. Naomba nikusimulie jambo ambalo sijamsimulia mtu yeyote, hata Bibi. Mwezi uliopita insha yangu ilichaguliwa kuwa bora katika shule, na aliyeiandika alitakiwa kuisoma jukwaani, mbele ya shule yote na wazazi. Nilimwambia mwalimu kwamba naumwa. Alisema, "Basi utaumwa ukiwa jukwaani." Nilipanda. Mstari wa kwanza niliusoma mara mbili. Msichana mmoja akacheka. Basi, Bibi Mdogo, nilimkasirikia sana yule msichana, na hasira ile ndiyo iliyonisomea insha mpaka mwisho. Halafu nikashuka. Kutazamwa kunaisha. Hilo tu ndilo ninalolijua na wewe pengine hulijui, kwa sababu wewe hujawahi kuogopa kutazamwa mpaka sasa.

Insha ilihusu mashindano ya kusuka kati ya dada wawili. Majina nilibadilisha.

Sasa ombi. Bibi amelala ametazama ukuta na mguu wake unaharibika. Sisi tunaomlilia tunamzidishia usingizi. Ameniandikia mwenyewe kwamba ni wewe uliyekuwa unamwamsha. Ukiweza kusimama, hata kwa fimbo, nenda ukamseme vibaya. Mwambie lolote. Maneno ya kumuudhi unayajua kuliko mtu yeyote duniani.

Na umeze vidonge vyako wewe pia. Nisingependa kukukosa, sasa kwa kuwa nimekuandikia.

Kwa heshima,
Lesieli


Nomuka, 16 Agosti 1998

Lesieli,

Nimekasirika. Nimekaa siku nzima nikitafuta maneno ya upole, sikuyapata.

Jumanne mlango wangu uligongwa na fimbo. Alikuwa Pisila. Amekuja kwa mguu mmoja na nusu, jasho linamtoka, na wanawake wote wa kugonga magome wako nyuma yake kama harusi imeanza. Nikadhani amekuja kunilaani kwa ajili ya pudini, nikajiandaa kuomba msamaha. Hata nafasi hakunipa! Akachomoa barua kifuani akasema, "Inuka, kizee, usikie mjukuu wako ananiandikiaje."

Akaisoma, kwa sauti ile yake. Mbele na nyuma ya karatasi, tena na nyingine! Alipofika kwenye insha wanawake wakapiga makofi, mmoja akalia. Mimi nimekaa pale kitandani nywele zimesimama, nasikia kwamba mtoto niliyemlea tangu ana miaka mitatu amesoma jukwaani mbele ya watu wote wa Nuku'alofa, na wa kwanza kuambiwa ni PISILA.

"Hukujua?" akaniuliza. Eti hukujua! Ameinamisha kichwa upande, ananionea huruma. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Alicheka mpaka uchochoroni, akasema kesho atatembea mpaka gatini kungoja boti, maana huenda umemwandikia tena.

Lesieli, sikulala. Alfajiri nilimwamsha Kalolaine kwa ufagio. Mguu ulikuwa unauma, kisigino nimekifunga kama nesi alivyosema, nikaenda gatini kabla ya Pisila. Hakukuwa na barua ya yeyote. Kesho yake nikaenda tena. Sasa tunakutana pale, yeye na fimbo yake, mimi na Kalolaine. Tunakaa juu ya magunia ya mbata tunamtazama Feleti akifungua mfuko, na hakuna anayeongea mpaka mfuko umekwisha. Halafu tunaongea sana. Vidonge tunameza pale pale, kila mmoja anamchungulia mwenzake ulimi. Nimemwomba radhi kwa habari ya kijiko. Alisema atanisamehe siku nitakayomwachia keki ya juu. Nimemwambia basi asinisamehe.

Nesi amekitazama kisigino. Anasema kinafunga.

Uliniuliza kama mkono wako una maana kwangu. Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima? Nilitembea na kidonda kwenda kutafuta barua ambayo haikuwepo.

Insha hiyo naitaka. Niandikie yote, kwa mkono wako, usiruke hata neno, na iandike kwangu kwanza. Iwe ndefu kuliko ya Pisila. Ukimtangulizia yeye tena, nitakuja huko bwenini kwako kwa miguu yangu hii miwili, na bahari itajua yenyewe pa kunipitisha.

Bibi yako wewe,
Melenaite